Ombi la Kuhamishiwa Ukoo Mwingine kwa Sababu ya Deki

Kumb. Na. FAM/DEKI/3/17
Jumamosi, saa tisa alasiri

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Familia na Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Chumba cha mbele.

Shangazi Mheshimiwa, shikamoo.

YAH: KUHAMISHIWA UKOO MWINGINE

Naomba ukisome kichwa cha barua hii ukiwa umekaa, kisha ndipo uendelee.

Mimi ni yule mtoto wa kaka yako uliyemlea tangu darasa la pili, kwa sasa karani wa masjala wa daraja la chini kabisa, nikiwa katika mwezi wa kumi na moja wa muda wa majaribio. Nakueleza haya si kwa sababu hunijui, bali kwa sababu barua isiyomtambulisha mwandishi hurudishwa. Nimeiandika mara nne. Pembeni nimeacha nafasi ya vidole vitatu kwa ajili ya kalamu yako nyekundu. Nimeamua kuandika kwa kuwa umesafiri kwenda mkutano wa walimu wastaafu hadi Jumanne. Ukiwepo, huwa naanza sentensi vizuri tu, lakini nikifika katikati najikuta naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kwanza nikumbushe tulikotoka. Wiki tatu zilizopita, Jumapili baada ya chakula cha mchana, deki yetu ya zamani ilitoa moshi mdogo, ikafa. Ulinitazama juu ya miwani ukasema: "Wewe ndiye uliyesoma. Tutafutie deki nyingine. Iwe ya bei ndogo, icheze diski, na iwe na waifai humo humo ndani, siyo ya kuchomekachomeka." Nilijibu, "Ndiyo, Shangazi." Hilo ndilo kosa pekee ninalolikubali katika barua hii yote.

Haja yenyewe ilikuwa ya Bibi. Alhamisi ijayo anakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Kabla ya siku hiyo anataka kitu kimoja tu, kuitazama diski ya sherehe ya kumuaga Babu kazini, ambayo ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya Babu akitembea na kusema. Daktari alimshauri angoje, maana akishafanyiwa ataona vizuri zaidi. Bibi alimjibu nikiwa nimesimama pale pale: "Ndiyo maana nataka kabla. Kwa macho haya mume wangu ni mzuri. Sitaki uje unionyeshe mengine." Daktari aliandika kitu kwenye kadi yake. Sijui ni kitu gani.

Diski hiyo nilikabidhiwa mimi. Niliipokea kama ninavyopokea kila kitu kinachopita mezani kwangu. Niliisajili kwenye daftari, nikaipa namba, nikaigonga muhuri wenye tarehe mahali pasipo na maandishi kama kanuni inavyotaka, nikaitia kwenye bahasha ya kaki. Kisha nikaagiza kwamba mtu mwingine yeyote asiiguse, kwa kuwa hii ni familia inayopenda kushika vitu vya watu kwa vidole vyenye mafuta. Tangu siku hiyo mimi peke yangu ndiye niliyeitoa, niliyeiweka na kuirudisha. Utunzaji wake umekuwa hauna doa.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu fomu. Deki haichaguliwi kwa hisia. Niliandaa fomu ya kurasa mbili, nakala tatu kwa kila mwanafamilia, yenye jedwali la vigezo na safu ya alama. Nilitarajia ushirikiano. Baba Mdogo, ambaye tunamwita Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza redio ikalia, alijaza sehemu moja tu: "Iwe na nguvu." Nguvu ya nini, hakusema. Binti yake Chaji, ambaye hajawahi kuonekana mbali na soketi kwa zaidi ya hatua mbili, aliandika "waifai" katika visanduku vyote, pamoja na kisanduku cha jina la mjazaji. Bibi alimwambia Chaji amwandikie: "Imwonyeshe mume wangu, mengine mtajua wenyewe." Na wewe, Shangazi, kwa heshima zote, hukuijaza kabisa. Uliirudisha ikiwa imesahihishwa. Nilipata sita juu ya kumi, na chini yake neno "Jitahidi".

2. Kuhusu deki ya kwanza. Kwa kuwa ulitaka bei ndogo, nilianza na iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote dukani. Kwenye boksi palikuwa na maneno makubwa: TAYARI KWA WAIFAI. Niliyaamini, kwa sababu mtu aliyesoma huyaamini maandishi. Tulipoifungua nyumbani, waifai haikuwemo. Nilirudi dukani, na muuzaji akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba deki ile iko tayari kuipokea waifai siku itakapoletewa. Waifai yenyewe ni kidude cha kuchomeka nyuma, kinauzwa peke yake, na bei yake inakaribia ile ya deki. Nilimwelewa vizuri sana. Hata mimi niko tayari kwa cheo, mwezi wa kumi na moja huu. Chaji alisema, "Kwa hiyo kaka umetununulia mlango. Nyumba inakuja lini?" Zaidi ya hapo, tulipoiwekea diski ya Babu iliunguruma, ikafikiri, ikaitema, na ikaandika kwenye kioo, kwa lugha ya walioitengeneza, kwamba diski haisomeki.

3. Kuhusu deki ya pili na bisibisi. Hii ilikuwa na waifai humo humo ndani kama ulivyoagiza. Nilimwuliza muuzaji mara saba ili kuhakikisha. Mara ya nane alijibu kabla sijauliza. Tuliifikisha nyumbani, tukaiwekea diski ya Babu, nayo ikasema haisomeki. Hapo Injinia akatangaza kwamba hakubali kitu asichokiona. Nilikwenda kunawa mikono, na niliporudi mfuniko wa deki ulikuwa sakafuni na yeye ameinamia ndani na tochi.

"Hebu nionyeshe hiyo waifai iko wapi," akasema. "Mimi naona waya tu."

Nilimweleza kwa upole kwamba waifai haionekani kwa macho, inapita hewani.

"Basi umeuziwa hewa, mwanangu."

Dhamana ya deki ile ilikuwa ya mwaka mmoja, na iliishi dakika arobaini. Ilibidi wewe mwenyewe uvae viatu vya kutokea, twende wote dukani. Muuzaji alikuwa amekwisha kukunja mikono tayari kukataa. Alipokuona aliinuka, akameza pipi aliyokuwa akitafuna, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Kumbe ulimfundisha darasa la nne. Ulimwuliza kitu kimoja tu, kama bado anaangalizia kwa jirani yake. Deki ilibadilishwa bila neno la pili. Nashukuru sana, Shangazi, ila tangu siku hiyo muuzaji hunitazama kama mtoto aliyemsemea kwa mwalimu, nami kwa woga nikifika dukani kwake huvuka barabara. Maduka yote ninayoyahitaji yako upande wake.

4. Kuhusu deki ya tatu na jirani. Hii tuliyo nayo sasa ina kasoro ya kinyume, maana waifai yake imezidi. Kijitabu chake kinasema simu yoyote iliyo karibu inaweza kurusha video kwenye televisheni bila waya. Hakikusema simu ya nani. Jumatano iliyopita ulipokuwa umeketi sebuleni na walimu wastaafu wenzako mkipanga safari, kioo kiliwaka chenyewe, akatokea jirani yetu mwenye duka la dawa. Alikuwa amevaa shati, tai na taulo, akifanya mazoezi ya hotuba ya kwenda kuposa, akidhani anajitazama kwenye televisheni ya kwake. Akasema, "Wazee wangu, mimi ni kijana mpole," akasahau yanayofuata, akajipiga paji la uso, akaanza upya. Mara sita. Mtu mwingine angezima. Wewe uliomba karatasi. Alipomaliza, ulimtuma Chaji ampelekee marekebisho: utangulizi mrefu mno, neno "mpole" limerudiwa mara tisa, na avae suruali. Nne juu ya kumi. Sasa jirani anafunga madirisha mchana kweupe, na nilipokwenda kununua dawa ya kichwa alinihudumia bila kuninyanyulia macho, akaniuzia ya minyoo. Nimeimeza. Sikutaka kumrudishia.

Na diski ya Babu? Haisomeki.

Hapa naomba tufikiri pamoja, kwa utulivu. Deki zote tatu zilijaribiwa dukani mbele yangu kwa diski za muuzaji, na zote zilicheza bila hata kukohoa. Zikishavuka kizingiti chetu, zinagoma. Watengenezaji wao ni tofauti, bei zao ni tofauti, rangi zao ni tofauti. Kitu kimoja tu hakikubadilika: familia. Hitimisho la mtu aliyesoma ni kwamba deki hazina tatizo na diski haina tatizo. Wenye tatizo ni sisi.

5. Kuhusu jina. Nilidhani baada ya hitimisho hilo familia itajitafakari. Badala yake imenitafakari mimi. Chaji ameanza kuniita Haisomeki. Nikichelewa kumpa mtu chumvi mezani: "Msamehe, haisomeki huyo." Nikiitwa nisisikie: "Mtoeni, mumfute kidogo, mumrudishe." Jana hata mtoto wa jirani wa upande wa pili alinipungia mkono akasema, "Shikamoo, kaka Haisomeki," kwa adabu kabisa.

6. Kuhusu kamati na kochi. Baba Mdogo ameunda kamati ya kuichunguza kamati yangu. Wajumbe ni yeye na binti yake. Walianza kikao Jumatano, juu ya kochi, mahali pangu, na mpaka leo hawajainuka. Mimi nimepewa kile kiti cha plastiki chenye mguu mmoja unaotaka kuondoka. Kamati imetoa pendekezo moja, kwamba diski itolewe kwenye bahasha na ikaguliwe na macho mengine. Nililikataa, kwa kuwa nyaraka haziangaliwi na watu wasio na kibali, nikawaomba walete maombi kwa maandishi. Baba Mdogo alimgeukia Chaji akamwambia, nikisikia: "Huyu hata siku ya kuzikwa kwake atataka tumzike kwa nakala tatu." Sioni kosa katika utaratibu huo, lakini lilisemwa kwa kejeli.

7. Kuhusu Bibi. Lalamiko hili naliandika kwa herufi ndogo.

Kama ujuavyo, Bibi huniita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu. Wiki mbili za mwanzo alikuwa akinitania mbele za watu: "Mume wa kwanza hayupo, wa pili hajui deki. Mimi nina kazi." Nilivumilia. Lakini jana alinikuta jikoni nimeketi na kijitabu cha deki, nakisoma kwa mara ya tano. Akapapasa mpaka akapata kichwa changu, akakishika. "Basi, mume wangu, acha," akasema. "Nitamtazama kichwani mwangu. Huko hakuna waya wala bila waya." Kisha akaniuliza kama bado naikumbuka sauti ya Babu.

Nilisema naikumbuka.

Shangazi, nilidanganya. Nilikuwa na miaka saba Babu alipofariki. Nakumbuka viatu vyake na harufu ya koti lake, lakini sauti imepotea, na nilikuwa nikiitegemea diski ile zaidi hata ya Bibi. Sikumwambia mtu. Sasa zimebaki siku tano, deki tatu zimegoma, na Bibi ndiye anayenibembeleza mimi. Familia inayomfikisha karani mwaminifu mahali pa kumdanganya bibi yake haiwezi kuwa kituo chake cha kudumu.

Kwa kuzingatia hayo saba, naomba kuhamishiwa ukoo mwingine kuanzia mwisho wa mwezi huu. Sina masharti makubwa. Uwe ukoo wa watu wasiozidi wanne, wasiomiliki bisibisi, wasio na mwalimu mstaafu wala anayekaribia kustaafu, na ikiwezekana wasio na televisheni kabisa, watu wa kukaa na kusimuliana tu. Nimefanya uchunguzi wa awali. Ukoo wa jirani mwenye duka la dawa utakuwa na nafasi endapo posa itakubaliwa na yeye akaanza maisha kwake, jambo ambalo kwa alama ulizompa si la hakika. Kama kanuni haziruhusu mtu kuondoka bila mbadala, niko radhi kubadilishana kituo na kijana wao yeyote wa daraja langu. Namshauri tu aje na kochi lake.

Naomba pia barua ya kunitambulisha huko niendako, ikisema kwamba nilikuwa mtoto wa kaka mwenye nidhamu na mwandiko unaosomeka. Sababu ya kuondoka uandike "kwa hiari yake mwenyewe", na kama inawezekana usiipigie mstari.

Kesho Jumapili nitamkabidhi Bibi vitu vya familia vilivyo mikononi mwangu: ufunguo wa mlango wa nyuma, rimoti, na diski ikiwa ndani ya bahasha yake.

Naomba unisalimie walimu wastaafu wote uliokuwa nao mkutanoni, na yule aliyecheka mpaka miwani ikaanguka jirani alipojipiga paji la uso, mwambie nilimwokotea na skrubu yake ninayo. Wa hapa nyumbani nitawasalimia mwenyewe kwa kuwa bado naishi nao: Bibi na jicho lake, Baba Mdogo na bisibisi yake, Chaji na waya wake wa chaji, na deki ya tatu, ambayo haina hatia yoyote isipokuwa kuja kwetu.

Ni mimi, mtiifu wako mpaka uhamisho utakapokamilika,

(saini)
Karani

Nakala: Bibi (asomewe)
Baba Mdogo (aisome tu, asiifungue)
Jalada

Tanbihi. Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Shangazi, kwa haki barua hii isingekufikia. Lakini nilikwisha kuipa namba na kuiingiza kwenye daftari la barua zinazotoka, na namba ikishatoka hairudi bila maelezo. Haya ndiyo maelezo.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimkabidhi Bibi vitu vyote. Kabla sijamsomea masharti ya kuishika diski, alikwisha kuitoa kwenye bahasha na kuipeleka dirishani. Akaisogeza kwenye lile jicho lake lenye nafuu mpaka ikagusa pua. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Nani amempiga mume wangu muhuri?"

Upande mmoja wa diski, Bibi mwenyewe aliandika zamani kwa mkono wake: "Mume wangu, siku ya mwisho kazini." Kanuni ya masjala ni kwamba muhuri hauwekwi juu ya maandishi. Kwa hiyo nilipoipokea niliigeuza, nikakuta upande wa pili ni mtupu, safi, unang'aa, hauna hata herufi moja. Nikagonga hapo. IMEPOKELEWA, na tarehe, kwa wino wa ofisi. Deki zote tatu zilikuwa nzima, Shangazi. Zilikuwa zikijitahidi kumsoma Babu kupitia muhuri wangu. Kila mara nilipoitia diski niliuona ule muhuri, na kila mara nilifarijika, maana kwangu mimi hati yenye muhuri ni hati iliyo salama.

Bibi alicheka mpaka akashika pazia. "Ameshapokelewa huko aliko," akasema, "ninyi mlikuwa mnampokea wapi tena?" Baba Mdogo alianguka kutoka kwenye kochi. Chaji alisema, "Si nilisema afutwe?" na kwa mara ya kwanza ulikuwa ushauri wa kitaalamu. Alikimbia kwa jirani kuomba spiriti. Jirani aliitoa bure, na akauliza kama Mwalimu akirudi atakubali kuisikiliza hotuba tena, safari hii akiwa amevaa. Bibi akaifuta diski kwa pamba, yeye mwenyewe, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anayemfuta mtoto uso.

Deki ya tatu iliisoma mara moja. Ya bei ndogo, inacheza diski, ina waifai humo humo ndani. Nasisitiza kwamba niliichagua mimi.

Siku ile ya sherehe wewe ulikuwa umekwenda kusahihisha mitihani, kwa hiyo hili hulijui. Babu aliinuka mbele ya watu wa ofisini kwake, akawashukuru, kisha akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa mara tatu. Akasafisha koo. Akasema kwa kuwa sasa anastaafu ana ombi moja la kikazi kwa familia yake, naye anaomba kuhamishiwa familia nyingine. Akasoma sababu, kwa namba. Moja, mke wangu huvuta blanketi lote. Pili, kijana wangu mdogo ameifungua saa yangu aone dakika zinatoka wapi, na saa haijarudi. Tatu, binti yangu mkubwa husahihisha barua zangu kwa kalamu nyekundu, na ya mwisho nimepata sita.

Baba Mdogo aliiweka bisibisi chini ya mto wa kochi. Bibi alikuwa akiyasema maneno yale pamoja na Babu, akimtangulia kidogo. Anayajua yote. Kwenye kioo tukamwona Bibi yule wa zamani akipanda jukwaani, akaichukua karatasi, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa Babu mwenyewe, akaandika neno moja juu ya maneno yote. Babu akawasomea watu: "Haikubaliwi." Ukumbi ukacheka. Akaikunja karatasi, akashuka, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Bibi.

"Mnaona alivyo mzuri?" Bibi akatuuliza. Chaji alifungua mdomo kusema kuhusu ile suruali ya Babu, ambayo watu wawili wangeenea. Baba Mdogo akamkanyaga mguu. "Mzuri sana, Mama," akasema. Bibi anasema Ijumaa ataitazama tena kwa jicho jipya, na kama Babu hatakuwa mzuri hivi hivi atamtaka daktari amrudishie la zamani.

Sauti yake ni nyembamba, Shangazi. Sikuitarajia. Na akifika kwenye neno "ombi" inapanda kidogo, kama yangu.

Bibi akaniuliza ni karatasi gani hiyo inayochungulia mfukoni mwangu. Nikamsomea barua hii yote, kuanzia kumbukumbu namba. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu. Nilimkumbusha kwamba hairuhusiwi kuandika juu ya maandishi. Hakunisikiliza, ndiyo maana utaona herufi kubwa sana, zilizoanzia lalamiko la nne, zikalikatiza la tano na la sita, zikaishia kwenye ile nafasi niliyokuachia pembeni. Huo si uchafu, ndio uamuzi. Naomba ombi langu lifungwe kwenye jalada moja na lile la Babu, ambalo Bibi analo chini ya mto.

Fomu ya hospitali ya Alhamisi nimekwisha kuijaza. Penye "uhusiano wa msindikizaji na mgonjwa" Bibi aliniamuru niandike "mume wa pili". Nimeandika. Naomba usisahihishe.